Mchenya wa Fundi Mzaire

Mtu akiniambia hajawahi kuona binadamu akijichapa kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe, namwambia avute kigoda akae. Mimi nilipiga kura ya kujitoza faini. Sikulazimishwa, sikuwa nimelewa, na mkono niliunyoosha juu kuliko wa mtu yeyote pale uwanjani, mpaka mume wangu akanivuta gauni akidhani malaria imenipanda kichwani.

Ilikuwa Nyakato, pale Mwanza, miaka ile ya tisini, wakati serikali inauza viwanda vyake kama mtu anayehama nyumba na hana pa kuweka vyombo. Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo. Asubuhi moja wakaitwa, wakapewa bahasha, wakaambiwa wamepunguzwa. Neno hilo likamkaa mdomoni. Ukimwamsha mapema, anakwambia, "Niache, mimi nimepunguzwa." Ukimpa ugali mdogo, "Hata ugali umepunguzwa?" Na huku ananenepa! Kazi yake ikawa kukaa kibarazani na magazeti ya zamani, akiichambua serikali mpaka jua linazama.

Nikaona nikimfuata huyu tutapunguzwa mpaka chumvi. Nikauza ng'ombe niliyeachiwa na baba yangu kule Mara, nikafungua banda la ushonaji kando ya barabara, cherehani mbili na meza ya kukatia. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba kushona sikujua. Nilijua kupiga pindo na kutia vifungo. Gauni la kwanza nililomshonea jirani lilikuwa na mkono mmoja wa kwenda kanisani na mwingine wa kwenda kulima. Jirani mwenyewe alilivaa siku moja tu, kwa huruma, kisha nikaliona linafutia meza kwake.

Ndipo akaja Fundi. Alikuwa Mzaire, maana nchi yao bado ilikuwa Zaire wakati huo. Kwao kulikuwa kumechafuka, akavuka ziwa Tanganyika, akapanda treni mpaka Mwanza, na mali yake yote ilikuwa mkasi uliofungwa kwenye kitambaa. Alisimama mbele ya banda langu akaliangalia gauni nililokuwa nimelitundika nje kuvutia wateja. Akaliangalia mbele, akaligeuza, akaliangalia nyuma.

"Mama," akaniuliza kwa upole, "iyi nguo ilikukosea nini?"

Mtu mwingine ningemrushia pasi. Yeye nilimpa kiti. Akakaa kwenye cherehani, akalifumua lile gauni lote, na kabla sijamaliza kupika uji lilikuwa limeshakuwa gauni la mke wa mkuu wa mkoa. Siku hiyo hiyo nikamwajiri.

Jamani, yule mtu alijua kushona! Kitenge kilikuwa kinamsikiliza. Alikuwa na mtindo wa mabega ya kupandisha na kola ya kusimama ambao wanawake wa Nyakato waliuchukua kama homa. Hata aliyekuwa na mgongo wa kupinda akivaa shono la Fundi alitembea wima. Walikuja wa Buswelu, walikuja wa Magu na vitambaa vyao chini ya kwapa, walikuja wake za mameneja wa viwanda vya samaki. Mimi kazi yangu ikabaki kupokea vitambaa na kujivuna.

Kibali hakuwa nacho. Uhamiaji walikuwa wakipita mjini na lori, wakikusanya watu wasio na karatasi na kuwarudisha mpakani, na huko alikotoka Fundi hakukuwa mahali pa kurudishwa mtu. Lakini Uhamiaji hawakujua vichochoro vyetu. Walikuwa hawaingii mtaani mpaka mtu wa mtaani awaonyeshe njia. Kwa hiyo usalama wa Fundi ulikuwa midomo ya majirani, na midomo ya majirani nani asiyeijua?

Nikamlinda kama mboni ya jicho. Nikampa chumba cha nyuma ya banda, kule nilikoweka majora ya vitambaa, nikamwambia, "Wewe kaa humu. Ukitaka sabuni sema, ukitaka sigara sema, mimi nitakwenda." Hata barabara sikumruhusu kuvuka. Jumapili tukienda kanisani nilikuwa namfungia mlango kwa nje ili mtu akipita aone kufuli, ajue hamna mtu.

Sasa, ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine. Huyu alikuwa mzee wa Kihaya, kwao ni kule mpakani ambako mtu akitema mate yanaangukia Uganda. Alikuwa ameshona Nyakato yote tangu kiwanda hakijajengwa: sare za shule, kanzu za mapadri, suruali za wafanyakazi. Suruali zake zilikuwa ngumu, ungeweza kufa ukamwachia mwanao naye akamwachia wake. Mitumba ilipoingia ikamkata mguu mmoja. Fundi wangu alipokuja akamkata wa pili. Wateja wake waliobaki walivuka barabara mmoja mmoja, wengine wakijifunika kanga usoni kwa aibu. Kila asubuhi nilimpa heshima yake, "Shikamoo mzee!" Naye alijibu, "Marahaba," bila kuinua macho, akiendelea kuifuta cherehani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Nilijua ipo siku. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mkutano wa mtaa, uwanja wa shule ya msingi. Mwenyekiti wetu alikuwa Msukuma wa Magu, mtu wa kifua kipana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto. Tukamaliza habari za takataka, tukamaliza habari za mfereji, akauliza kama kuna mengineyo. Yule mzee akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe.

"Ndugu zangu," akasema, "vijana wetu wamepunguzwa viwandani, wamejaa vijiweni. Na humu humu mtaani kuna watu wanaajiri wageni wasio na kibali. Sitaji mtu."

Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Mimi nikageuka nyuma, kana kwamba na mimi namtafuta huyo mtu.

"Mgeni simlaumu," mzee akaendelea. "Mgeni anatafuta kula. Anayemfungulia mlango ndiye wa kubanwa. Mwajiri alipe, halafu mgeni apelekwe Uhamiaji. Tupige kura leo, iwe sheria ya mtaa wetu."

Loo! Alisema vizuri, mzee wa watu. Ningekuwa sina Fundi ningempigia makofi.

Mjadala ukaanza. Mmoja akasema mwajiri alipe pesa kwa kamati. Watu wakaguna, maana pesa ikiingia kwa kamati huwa haitoki tena na hata harufu yake huisikii. Ndipo mzee mmoja wa Kisukuma akasema, "Kwa nini pesa? Sisi kwetu tuna mchenya."

Kwa asiyejua, mchenya ni faini ya Kisukuma. Aliyewakosea wenzake analipa chakula. Anachinja, anapika, watu wanakuja kwake wanakula, wananawa mikono, yamekwisha. Akikataa kulipa anatengwa: hasalimiwi, hapewi moto wa jikoni, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Basi uwanja uliposikia neno chakula, ukachangamka. Mkumbuke nyama wakati ule ilikuwa ya Krismasi na ya msiba. Siku za kawaida tulikuwa tunakula mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya.

"Fahali!" mtu akapaza sauti. "Mwajiri alipe fahali!"

"Na mchele!"

"Na soda!"

Mate yalikuwa yanawadondoka waziwazi. Mimi nilishamwona akilini Fundi yuko juu ya lori la Uhamiaji, mkasi wake umefungwa kwenye kitambaa, na mimi nimebaki na cherehani mbili na magauni yenye mikono ya kwenda kulima. Nikataka kulia. Lakini mimi nikitaka kulia, akili huwa inanikimbia kwa kasi, na mara nyingine inakimbilia pazuri. Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Anayejitaja mwenyewe kabla ya kukamatwa, naye fahali?"

Mwenyekiti akatafakari. "Huyo ametuheshimu. Huyo apunguziwe. Mbuzi."

Mume wangu aliposikia kupunguziwa akainua kichwa.

"Na kesi ikishaliwa?"

"Kesi ikishaliwa imekwisha, mama. Ndivyo ilivyo tangu mababu. Anayeifufua kesi iliyoliwa, analipa yeye."

"Na huyo mgeni mwenyewe, kesi yake ikishaliwa, nani atakayempeleka Uhamiaji?"

Mwenyekiti akajikuna shingo. "Ataanzaje kumpeleka? Atakayempeleka si ndiye atakuwa ameifufua?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee wa Kihaya peke yake hakucheka. Alikuwa ameanza kuona mtego wake unageuka na kumtazama, lakini angefanya nini? Hoja ilikuwa yake, na watu walikuwa na njaa.

Ikaja kura. Wanaokubali wanyooshe mikono. Hapo ndipo nilipounyoosha wangu mpaka kwapa likachungulia. Nikageuka kuangalia wenzangu, na kicheko kikanibana nusura nipasuke: karibu kila mwanamke aliyenyoosha mkono kumhukumu mwajiri wa mgeni, mkono wenyewe ulikuwa ndani ya shono la Fundi. Mabega ya kupandisha uwanja mzima!

Njiani mume wangu akaniambia, "Leo umejipalia makaa."

"Makaa ya kuchomea mbuzi," nikamjibu. "Wewe kasome gazeti lako."

Nilipofungua kufuli la banda na kumweleza Fundi, nilitegemea atanipigia magoti. Wapi! Akakaa juu ya jora la kitenge, akashika kichwa.

"Mama, watu bote watajua mi ni mgeni?"

"Kwani hawajui?"

"Banajua. Lakini hawasemi."

Nikamwambia aache woga, watasema siku moja, watakula, watasahau. Akaanza kuchezea mkasi. Halafu akauliza, "Na nyuma ya pale nitakuwa huru? Naweza kwenda sokoni mwenyewe?"

"Sokoni tu? Mpaka Buswelu kwa miguu! Nani atakugusa?"

Nilikuwa na furaha, nikawa mkarimu wa maneno.

Kesho yake asubuhi nikawa kwa mwenyekiti kujitaja, kabla mtu hajaniwahi. Na nilifanya vizuri kuwahi, maana mtaa mzima ulikuwa umeanza kunusa wageni. Mama mmoja alisingiziwa kwamba mchungaji wa ng'ombe wake ni Mrundi kwa sababu haongei. Kumbe ni mtu wa Bunda tu, mwenye jino bovu. Mwingine alisema hata mimi mwenyewe ni mgeni, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande wa Kenya. Nikamwambia kwetu ziwani hakuna mlango, samaki na mabibi wanapita watakavyo, na kama anataka kumrudisha bibi akamfukue.

Mwenyekiti akapanga mchenya uwe Jumapili, uwanjani kwangu. Sasa mtaa wetu ulikuwa na makabila ya kila aina, kwa hiyo na mchenya wetu ukawa wa kuchanganya. Wasukuma walileta faini, na sisi watu wa ziwani tukaongeza kwamba aliyelalamika ndiye aanze kula, na aanze na ini. Akilila ini, amesamehe, na wengine ndipo wanakula. Asipolila, kesi iko palepale. Niliyeongeza hilo ni mimi, nikidhani nampa mzee heshima ili asinune. Mdomo wangu huu!

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimechinja mbuzi wa nguvu, nimepika mchele wa Magu mpaka harufu ikavuka mtaa wa pili, na kwa heshima ya mzee nikapika na ndizi, japo mkono wangu kwenye ndizi si wa kujisifu. Watu walikuja mapema kuliko wanavyokuja kanisani. Walikuja na watoto, walikuja na shemeji waliofika safarini asubuhi ile. Fundi alikuwa jikoni nyuma, hataki kutoka.

Mzee akaja na koti lake. Akakaa mahali pa mbele, kofia juu ya goti. Nikampelekea maji akanawa. Nikampelekea ini kwenye sahani, nikapiga goti nusu.

"Karibu, baba."

Akaliangalia. "Sina njaa," akasema.

Wee! Ungesikia wali unavyopoa. Watoto wakatazama masufuria, wakamtazama mzee, wakatazama masufuria. Mwenyekiti alimeza mate kwa kishindo.

"Mzee," akambembeleza, "kipande kidogo tu. Kama dawa."

"Sina njaa, mwenyekiti."

Wanawake wakaanza kumwita baba, kumwita babu, mmoja akamwita hata baba mtakatifu. Mwingine akasema kwa nguvu kwamba kuna watu wana roho ya chuma. Mzee akasubiri wamalize. Halafu akasema, wala hakupaza sauti, "Mnanihimiza nile. Nikilila hili ini leo, kesho nitakula nini?"

Mimi na mdomo wangu wote nilitazama chini. Nilimwonea huruma, kweli nilimwonea, na wakati huo huo nilikuwa namwomba Mungu amtie njaa ya ghafla. Kama angesimama na kuondoka, Fundi asingemaliza wiki Nyakato. Mzee angekwenda mwenyewe mjini kuwaonyesha Uhamiaji njia, na sheria ya mtaa ingekuwa upande wake.

Ndipo Fundi akatoka jikoni. Alikuwa amevaa shati jeupe, mikono ameikunja. Watu wengi pale walikuwa hawajamwona hata siku moja kwenye mwanga wa nje, walimjua kwa nguo zao tu. Akavuka katikati yetu, akachukua ile sahani mkononi mwangu, akachuchumaa mbele ya mzee. Akaanza kuongea kwa sauti ya chini. Nikasogea nisikie, mwenyekiti akanizuia kwa mkono.

Waliongea, na wali ukazidi kupoa. Mzee aliuliza kitu, Fundi akajibu. Mzee akamshika kiganja, akakigeuza, akamtazama vidole kama anayenunua kitambaa. Akauliza kitu kingine. Fundi akatikisa kichwa, akasema, mzee akatikisa chake, wakawa wanabishana kabisa. Halafu mzee akacheka. Miaka yote ile nilikuwa sijui kwamba ana meno mazuri. Akachukua ini, akalikata nusu kwa vidole, nusu akaitia mdomoni na nusu akamlisha Fundi.

Vigelegele! Masufuria yalivamiwa, mwenyekiti mbele. Mimi nililia machozi ya wazi, nikajifuta kwa kanga, nikala kichwa cha mbuzi chote peke yangu. Nilimsifu Fundi kwa kujua kuomba msamaha, na nikajisifu mimi kwa mengine yote. Nilimwambia mume wangu kwamba wanawake ndio wangepewa bunge. Akasema wali ulikuwa na mchanga.

Jumatatu nikafungua banda. Fundi hakuwepo. Mkeka umekunjwa, majora yamepangwa, nguo za wateja alizokwisha kuzishona zimetundikwa kwa mpangilio, na ufunguo wa chumba uko juu ya cherehani. Nikatoka mbio mpaka barabarani, kichwa wazi, nikipiga mayowe, "Wamemchukua! Jamani wamemchukua!"

"Habari ya kuamka, Mama," sauti ikasema.

Alikuwa ng'ambo, kwa mzee, kibarazani, kwenye cherehani. Anashona. Mzee ameketi pembeni yake anakata kitambaa, wamegawana kivuli kama watu wa siku nyingi.

Sikumsalimia. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamkuta anapiga mswaki wa mti.

"Mwenyekiti! Nakuja kushtaki. Yule mzee ameajiri mgeni asiye na kibali!"

"Mgeni gani?"

"Fundi! Mzaire!"

Akatema mate pembeni, akanitazama kwa masikitiko. "Mama, yule si tulishamla?"

"Mlimla kwangu! Mbuzi alikuwa wangu!"

"Mbuzi wako, kesi ya mtaa. Halafu hajaajiriwa. Mzee alikuja jana jioni kunijulisha. Wamekubaliana nusu kwa nusu. Mzee ana leseni na nyumba, yule ana mikono." Akaendelea na mswaki wake kidogo, kisha akaongeza kwa upole wa kunichoma, "Ila kama unataka kuifufua, fufua. Mbuzi wa pili unaye?"

Nilirudi nyumbani ninapumua kama treni. Mume wangu aliposikia, gazeti lilimdondoka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akakaa chini, akajaribu kusimama, akakaa tena. Alipopata pumzi akasema, "Karibu, mke wangu. Sasa na wewe umepunguzwa." Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

Nilivumilia mpaka Jumatano. Jumatano wateja wangu wawili walivuka barabara machoni pangu, na mmoja hakujifunika hata kanga. Nikajifunga kibwebwe, nikavuka na mimi. Hata hasira ina adabu yake, nikaanza na mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na safari hii aliniangalia. Akainuka, akasema anakwenda ndani kutafuta uzi, ingawa uzi ulikuwa palepale mezani.

Nikamgeukia Fundi. "Nilikukosea nini? Niambie! Nimekupa kazi hukuwa na kazi. Nimekupa pa kulala. Nimekununulia sabuni, nimekununulia sigara. Nimechinja mbuzi kwa ajili yako, mbele ya watu wote! Hata barabara sikukuacha uvuke, usije ukakamatwa!"

Akasimamisha cherehani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikata uzi, akalilaza vizuri lile vazi alilokuwa analishona.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Hata barabara."

Nikasubiri aseme lingine, nipate pa kumshikia. Akafikiri, akitafuta Kiswahili cha kwetu.

"Mama, ulinisaidia sana. Mungu akubariki. Lakini kwako mi nilikuwa nimejificha. Hapa ninakaa."

Akaniuliza kama ningependa anipime gauni la Pasaka, hata bure. Nikasema nina haraka. Nilisimama pembeni ya barabara nikingoja lori la samaki lipite. Iliniuma. Nilikuwa nimemlipia mbuzi mtu asifukuzwe, na haikuwa imenijia hata mara moja kwamba mtu asiyefukuzwa anaweza pia kuondoka mwenyewe.